Ziara ya Siku Tatu: Kutoka Shauri Moyo hadi Magofu ya Pwani



Wiki hii tunawaandikia kutoka Shauri Moyo, Nairobi, ambako kina mama wa chama chetu wameketi Jumamosi mbili mfululizo, baada ya swala ya Alasiri, wakipanga ziara ya likizo ya skuli. Jambo lenyewe lilianzishwa na mtoto. Kijana wetu mmoja alirudi nyumbani na kitabu chenye picha ya Parthenon, hekalu la Wagiriki wa kale lililojengwa Athens katika karne ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Akaomba apelekwe akalione. Alipoambiwa kwamba nauli ya Ugiriki haimo katika kibubu cha chama, akauliza, "Kwani sisi hatuna magofu yetu?"

Mkekani pakawa kimya. Bibi yetu, aliyekuwa akisuka ukili, akainua uso akasema, "Tunayo, mjukuu wangu. Ila hatujawapeleka."

Swali hilo lilituchoma, na lina sababu ya kutuchoma. Wengi wa wazee wa mtaa huu ni watoto na wajukuu wa watu wa Pangani, kijiji cha Nairobi ya zamani ambamo Waislamu wengi walikuwa wamejenga. Utawala wa kikoloni ulikibomoa kijiji hicho mwishoni mwa miaka ya 1930, na nyumba za Shauri Moyo zikajengwa kuwapokea waliohamishwa. Katika nyumba zile za zamani hatuna hata ukuta mmoja wa kumwonyesha mtoto na kumwambia, hapa ndipo babu yako alipolala. Mtoto wa Eastlands hukua akidhani kwamba historia ni kitu cha watu wengine, kilicho ng'ambo ya bahari. Ilhali mwendo wa siku moja tu kutoka hapa, upande wa pwani, ipo miji ya mawe iliyojengwa na Waislamu wa Kiswahili miaka 600 iliyopita, nayo misikiti yake ingali inaelekea kibla.

Basi tukaazimia kwenda. Lakini kabla ya kupanga safari mpya, tulikubaliana tukumbuke ile iliyopita, kwa kuwa tuliiharibu kwa mikono yetu wenyewe. Mwaka ule tulitaka kuona kila kitu. Tuliandika sehemu tano kwa siku mbili, tukakodi gari, na kila tulipofika tukahesabu dakika. Adhuhuri ilitukuta njiani bila maji ya udhu. Watoto walipoulizwa nyumbani walichokiona, walitaja soda na tumbili. Na Bibi, ambaye ndiye aliyetuhimiza kuchanga, alibaki garini mara tatu, kwa kuwa hakuna aliyefikiri jinsi atakavyotembea. Hakulalamika. Alisema tu, tuliporudi, kwamba ameiona vizuri barabara ya Malindi. Neno hilo bado linatuuma.

Kwa hiyo mpango wa safari hii tumeujenga juu ya kanuni moja: ziara ipimwe kwa hatua za aliye dhaifu kuliko wote. Anayeweza kukimbia atapata pa kukimbilia, asiyeweza asiachwe. Tumechagua sehemu tatu tu kwa siku tatu, na hizo nyingine, Mnarani ya Kilifi, Malindi na Lamu, tumeziweka akiba kwa miaka ijayo, inshaallah.

Siku ya kwanza ni ya safari na mapumziko. Tutapanda gari moshi la asubuhi katika stesheni ya Syokimau na kushuka Miritini, Mombasa, mchana. Tiketi zitakatwa mapema, kwani wakati wa likizo viti hujaa, na kila mtu mzima atashika kitambulisho chake. Tutafika stesheni saa nzima kabla ya wakati, kwa kuwa mizigo hukaguliwa, na kikongwe hawezi kuharakishwa katika foleni. Adhuhuri itatukuta ndani ya gari. Tutaitumia ruhusa ya msafiri, tukaichelewesha na kuikusanya na Alasiri baada ya kufika. Jioni hiyo hatutakwenda popote. Tutakula, tutaoga, tutalala.

Siku ya pili tutaondoka Mombasa baada ya Alfajiri kwenda Gedi, karibu na Watamu, kama kilomita 100 kwa barabara. Tunataka kufika mapema, kabla jua halijakuwa kali. Gedi ni mji wa ekari 45 uliomezwa na msitu. Ulistawi sana katika karne ya 15, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Wanahistoria hutaja sababu kadhaa: maji ya visima kupungua, mashambulizi ya vita, na biashara kuvurugika baada ya Wareno kuingia. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 Shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya turathi za dunia. Kwa hiyo kijana wetu ajue kwamba Gedi na Parthenon zimo katika daftari moja.

Hapa ndipo kanuni yetu itakapofanya kazi. Msikiti mkuu, jumba la mtawala na kaburi lililoandikwa tarehe vimekaribiana, wala haviko mbali na lango. Bibi atafika hapo taratibu, atatandikiwa mkeka kivulini, na hapo patakuwa makao yetu. Watoto watakwenda na vijana na mwongozi hadi kwenye nyumba za mbali, kisha watarudi kumsimulia yeye walichokiona. Tumegundua kwamba mtoto anayejua kuwa atamsimulia bibi yake hutazama kwa macho mawili.

Kila mtoto atapewa swali moja tu la kulitafutia jibu. Wa kwanza atafute tarehe: kaburi lile limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi; ahesabu mwenyewe miaka mingapi imepita. Wa pili atafute maji: aone kisima kirefu kilicho kando ya msikiti, birika na mahali pa kutawadhia. Wa tatu atafute vitu vilivyotoka mbali, kwani nyumba kadhaa za Gedi zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya bakuli la kauri, nyumba ya ushanga wa Venice. Kauri za China zilifika katika meza za Waswahili kwa biashara ya bahari, kabla meli ya kwanza ya Mreno haijaonekana pwani hii mwaka 1498. Wa nne, na huyu atakuwa msichana, atafute vyoo vya jumba la mtawala, ili siku atakapoambiwa kwamba ustaarabu ulikuja na wakoloni, awe na la kujibu.

Kutoka Gedi tutashuka hadi Kilifi, na hapo tutakaa saa mbili kamili: swala, chakula na usingizi mdogo. Chakula tutakibeba wenyewe, chapati, viazi karai, mayai na maembe, maana familia nne zikila hotelini kibubu kitapasuka. Alasiri tutafika Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, kama kilomita 15 kabla ya Mombasa.

Kina mama, tunaomba msome sehemu hii kwa makini, kwani kwa ajili yake tulibishana sana. Vijana walitaka Jumba iachwe, wakisema ni magofu madogo na Gedi inatosha. Bibi ndiye aliyeikatalia kata. Jumba ni mji wa karne ya 14 na ya 15 uliosimama ufukweni, katikati ya mibuyu, na njia yake ni fupi. Ipo misikiti minne na nyumba za mawe, mojawapo yenye milango mingi. Msikiti ulio karibu na bahari una chumba cha kando ambacho huaminiwa kuwa kilitengwa kwa ajili ya wanawake kuswali. Fikirini jambo hilo. Miaka 600 iliyopita, mwashi wa pwani alipopima msingi wa msikiti, alihesabu pia nafasi ya mama aliyetoka nyumbani kwake kuja kuswali. Leo tunayo misikiti ya ghorofa ambayo msafiri wa kike huizunguka akitafuta pa kuingilia, asipate. Bibi alisema, "Nipelekeni nikakione chumba hicho, hata kama sitaona kingine." Vijana wakanyamaza, na Jumba ikabaki katika mpango.

Hapo Jumba tutawasomea watoto habari ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa mwaka 1331. Alieleza kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao iliyojengwa imara, na kwamba mlangoni palikuwa na kisima. Aliyetaka kuingia aliteka maji kwa chombo cha mti, akaosha miguu yake, ndipo akaingia. Kisha tutawaonyesha birika za misikiti ya Jumba na mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu. Habari iliyo kitabuni na jiwe lililo ardhini vitakutana mbele ya macho yao. Karibu na msikiti lipo kaburi lenye maandishi ya aya inayokumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti. Tutasimama hapo tuwaombee dua wenyeji wale, kwani Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia.

Siku ya tatu asubuhi tutazuru Fort Jesus, ambayo ni rahisi kwa kuwa iko mjini. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Baadaye Waingereza waliifanya gereza hadi miaka ya 1950. Tumeipanga mwisho makusudi. Mtoto aliyeona kwanza Gedi na Jumba, miji isiyokuwa na mizinga, ataelewa vizuri kwa nini kuta hizi ni nene, na ni nini kilichoingia baharini humu. Kabla ya Adhuhuri tutatoka, na gari la mchana liturejeshe Nairobi.

Sasa maneno machache ya jikoni na ya mfukoni. Viingilio vya makumbusho hutofautiana kwa raia na mgeni, kwa mtu mzima na mtoto, kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa vya watoto vibebwe. Malipo hufanywa kwa simu, basi pawe na simu mbili zenye pesa na chaji. Viatu viwe bapa na vilivyofungwa, kwani mawe ya matumbawe hukata na mizizi ya Gedi huinuka juu ya njia. Buibui lisiburure. Kila familia itasafiri na mahram wake, lakini orodha ya vituo, saa na mapumziko itashikwa na mama mmoja aliyechaguliwa, na dereva atamsikiliza yeye. Safari iliyopita kila mmoja alikuwa kiongozi, na matokeo yake mmeyasikia.

Na adabu. Tunaingia katika nyumba za wazee wetu, ingawa hazina mapaa. Watoto wasipande juu ya makaburi wala mihirabu, wasiandike majina yao ukutani, na wasitie kigae hata kimoja mfukoni. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavilinda vitu hivyo, lakini kabla ya sheria ipo amana. Kigae kilichobaki mahali pake humweleza mtafiti habari. Kikishafika Shauri Moyo hakina la kusema.

Ninyi mlioko Mtwapa, Kilifi na Mombasa, mnaoyapita magofu haya kila siku mkienda sokoni, tunawauliza kwa mapenzi: ni lini mara ya mwisho mliwapeleka watoto wenu? Nanyi hamna haja ya gari moshi.

Tukirudi, bado pana kazi moja, nayo imependekezwa na yule kijana wa Parthenon. Amesema kwamba kama Pangani haikuacha gofu, basi iachiwe daftari. Kila mtoto atakaa na mzee wake wa nyumbani, amwulize mlango wa nyumba yao ulielekea wapi, jirani alikuwa nani, maji yalitekwa wapi, wanawake waliswali wapi. Na majibu yataandikwa. Yatakuwa yale yale maswali waliyoyauliza mawe ya Gedi na Jumba. Bibi amekubali kuwa wa kwanza kuulizwa, kwa sharti moja, kwamba safari hii asiachwe garini.

Tumemwahidi. Mwenyezi Mungu atufikishe salama na aturudishe salama. Wabillahi tawfiq.