Nyoka akitapika, usikimbilie kumlisha

Najua wapo miongoni mwenu watakaoliona neno nyoka na kutaka kufunua ukurasa upesi warudi kwenye mapishi. Subirini kidogo. Majuzi niliamshwa na simu saa nane za usiku. Aliyepiga alikuwa mpwa wangu wa miaka 14 anayeishi na wazazi wake huko Minnesota, Marekani, ambako saa hizo bado ni jioni. "Mjomba," akaniambia huku akilia, "nyoka wangu anatapika, na Mama amesema akitapika tena atamtupa nje kwenye theluji."

Dadangu simlaumu. Kwetu kijijini nyoka hupokewa kwa rungu. Lakini huko ughaibuni watu humfuga nyoka kama sisi tunavyofuga paka, na mwanawe alikuwa ameweka akiba ya pesa zake kwa miezi mingi hadi akanunua boa mchanga, urefu wake rula mbili hivi. Boa ni ndugu wa mbali wa chatu wetu, na asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Chatu hutaga mayai na kuyaatamia, ilhali boa huzaa watoto hai wanaojitafutia riziki tangu siku ya kwanza.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Boa huyo alimeza panya, na siku ya tatu akamrudisha akiwa ameoza nusu, na chumba kizima kikanuka. Kijana akaingiwa na hofu kwamba nyoka atakufa njaa, akampa panya mwingine siku iyo hiyo. Huyo naye akarudi. Akampa wa tatu. Msomaji, wewe pia ungefanya vivyo hivyo, maana mtoto akitapika uji sisi humkorogea mwingine. Kwa boa mchanga, huruma ya aina hiyo ndiyo inayoua.

Nilimwendea daktari wa mifugo niliyesoma naye, akanieleza kwa subira. Tumbo la nyoka wa aina hii halifanyi kazi kila saa kama letu. Likiwa tupu hulala, na mlo ukiingia huamka kwa kishindo: asidi hutolewa kwa wingi na matumbo hunenepa. Mwaka 2005 jarida la Nature liliripoti kwamba misuli ya moyo wa chatu wa Burma huongezeka kwa asilimia 40 katika muda wa siku mbili baada ya mlo mkubwa. Basi nyoka anapotapika, hupoteza maji na majimaji yale ya kusagia chakula, na koo lake huchomwa na asidi. Ukimlisha kesho yake, panya huingia katika tumbo lisilo na silaha, naye huoza humo badala ya kusagwa.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, ni kungoja. Siku 10 hadi 14 bila chakula chochote, maji safi yawe tele, na asishikwe-shikwe. Usiogope, nyoka mwenye afya havunjwi na wiki mbili za kufunga. Zikiisha, mpe kipanya kichanga kisicho na manyoya, kidogo kuliko alichozoea, tena kimoja tu. Kikikaa, ngoja tena siku 10 au zaidi kabla ya kingine, na uongeze ukubwa polepole baada ya milo kadhaa. Hapo ndipo wengi hushindwa: nyoka huonyesha njaa, mwenyewe humwonea huruma, na safari huanza upya.

Lakini kungoja pekee hakutoshi iwapo kilichomtapisha bado kipo. Mara nyingi ni baridi. Nyoka hana joto lake mwenyewe, hulitafuta nje. Boa huhitaji upande mmoja wa tangi lake uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, ili ajichagulie. Nilipomuuliza mpwa wangu kipimajoto chake kinasema nini, alinyamaza. Hakuwa nacho! Alikuwa akipima kwa kiganja, wakati wa kipupwe cha Minnesota, tangi likiwa kando ya dirisha.

Sababu nyingine ni ulafi, na mlafi ni anayelisha wala si nyoka. Panya asizidi unene wa mwili wa nyoka pale alipo mnene zaidi, na boa mchanga alishwe mara moja kwa siku saba hadi 14. Akishameza, asiguswe kwa siku mbili au tatu. Mpwa wangu alikiri kwamba alikuwa akimtoa kila jioni kuwaonyesha marafiki.

Akitapika tena baada ya haya yote, mpeleke kwa daktari pamoja na kinyesi chake. Kuna vijidudu vya kriptosporidiamu vinavyovimbisha tumbo, na kuna ugonjwa hatari wa virusi ambao watafiti wa California waliuhusisha na jamii ya arenavirusi mwaka 2012. Boa mwenye ugonjwa huo anaweza kutapika mara kwa mara, akapinda shingo, au akigeuzwa chali ashindwe kujirudisha. Hauna tiba, na nyoka anaweza kuubeba muda mrefu bila dalili, ndiyo sababu mgeni hutengwa na wenzake kwanza.

Kuhusu kuvimbiwa nitasema machache. Nyoka aliyekosa haja kwa wiki nyingi, akawa na uvimbe karibu na mkia, anaweza kuwekwa dakika 15 katika karai la maji ya vuguvugu yasiyofika kichwani, huku ukimwangalia. Usimminye tumbo, hata kidogo.

Dadangu naye nilimwambia lake, kwa kuwa ana kitinda mimba wa miaka mitatu. Nyoka mzima kabisa anaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa, bakuli lake lisioshwe katika sinki ya jikoni, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimguse. Panya waliogandishwa wasiyeyushwe karibu na chakula cha watu. Hilo la mwisho lilizua kelele, kwani kumbe panya walikuwa wakikaa kando ya sukumawiki katika friji.

Na wewe mwanafunzi wa Nairobi ambaye macho yameanza kukutoka, fahamu kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kufuga nyoka bila kibali cha KWS. Nenda kawatazame kwenye bustani ya nyoka pale Makavazi ya Taifa.

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha simu ikalia tena, saa nane za usiku vilevile. Nikaipokea moyo ukidunda. "Mjomba!" kijana akapaza sauti. "Kipanya kimekaa, na leo amekwenda haja!" Nyuma yake nikamsikia dadangu akiuliza kipimajoto kinasoma ngapi.