Nyota njema huonekana asubuhi? Warushaji wa besiboli na hesabu za mwanzo wa msimu

Kila mwaka, mwezi Machi unapoelekea ukingoni, ligi kuu ya besiboli ya Marekani huanza msimu mpya. Haipiti wiki mbili kabla ya hukumu kuanza kutolewa: timu hii ina warushaji hatari, ile imekwisha, huyu atachukua tuzo. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Je, katika mchezo wenye mechi 162 kwa kila timu, asubuhi inatosha kuitambua nyota?

Katika uchambuzi huu tunarudi kwenye msimu wa 2023 na timu ya Tampa Bay Rays ya jimbo la Florida. Timu hiyo ilianza kwa kishindo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 36. Kisa chake kinatufundisha namna ya kupima warushaji mwanzoni mwa msimu, na pia namna ya kutodanganyika.

Mrushaji ni nani?

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, tuanzie hapa. Mrushaji husimama katikati ya uwanja, umbali wa mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Akirusha kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, mpira humfikia mpigaji kabla hata nusu sekunde haijaisha. Mpigaji akikosa mara tatu, au akiacha mipira mizuri ipite, anatolewa. Wakitolewa watatu, timu yao imemaliza zamu ya kupiga na sasa inaingia kulinda. Kila timu ikishapiga zamu moja, awamu imekwisha. Mechi ya kawaida ina awamu 9, kwa hiyo mrushaji na wenzake wana kazi ya kuwatoa wapigaji 27.

Hakuna mkono unaoweza kufanya kazi hiyo kila siku. Ndiyo maana timu huwa na warushaji watano hivi wa kuanzisha mechi, wanaopokezana. Kila mmoja hupanda zamu yake baada ya siku nne au tano, na wengine humalizia pale anapochoka. Kwa msimu mzima, mrushaji mwenye afya huanzisha mechi 30 hivi.

Mechi 13, ushindi 13

Rays si timu ya matajiri. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa timu zenye bajeti ndogo ya mishahara, na imeishi kwa kutafuta warushaji ambao wengine hawakuwathamini. Mmoja wao alikuwa Jeffrey Springs, mrushaji wa mkono wa kushoto. Mwaka 2015, timu zilipokuwa zikichagua vijana, jina lake lilisubiri hadi raundi ya 30. Alipita Texas, akapita Boston, kisha akafika Tampa Bay mwaka 2021. Hapo alichanua. Januari 2023 alipewa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 31.

Msimu ulianza Machi 30. Katika mechi ya kwanza, Shane McClanahan na wenzake hawakuwaruhusu Detroit Tigers kupata hata pointi moja, wakashinda 4 kwa 0. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Springs. Alirusha awamu 6, hakuna mpigaji wa Detroit aliyepata pigo hata moja, na 12 kati yao aliwatoa kwa kuwakosesha. Ushindi tisa wa kwanza wote ulikuwa wa tofauti ya pointi nne au zaidi. Oakland Athletics walifungwa 11 kwa 0, na kesho yake wakafungwa tena 11 kwa 0.

Hadi kufikia Aprili 13, Rays walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda zote. Walifunga pointi 101 na kuruhusu 30 tu, yaani pointi 2.3 kwa mechi, wakati wastani wa ligi mwaka huo ulikuwa takriban 4.6. Katika zama za kisasa za mchezo huo, ni Atlanta Braves ya 1982 na Milwaukee Brewers ya 1987 tu zilizokuwa zimeanza hivyo.

Sasa tuziulize hesabu hizo maswali matatu.

Swali la kwanza: ni kazi kiasi gani?

Kipimo kinachotajwa sana redioni na magazetini ni wastani wa pointi ambazo mrushaji anaruhusu kwa kila awamu 9. Unachukua pointi zilizotokana na kazi yake, unazidisha kwa 9, unagawa kwa awamu alizorusha. Springs alirusha awamu 16 na kuruhusu pointi moja. Moja mara 9, gawa kwa 16, unapata 0.56. Ni hesabu ya ajabu. Kwa kawaida, mrushaji mwenye wastani chini ya 3 huhesabiwa miongoni mwa wazuri sana.

Lakini angalia jinsi hesabu hiyo inavyotikisika. Tuseme angekuwa na siku moja mbaya tu: awamu 5, pointi 5. Jumla yake ingekuwa pointi 6 katika awamu 21, na wastani ungeruka kutoka 0.56 hadi 2.57. Siku moja mbaya, na wastani umezidi mara nne. Siku hiyohiyo ikimpata mwezi Septemba, baada ya awamu 150, haiwezi kuutikisa wastani wake kiasi hicho.

Mechi 13 kati ya 162 ni asilimia 8 ya msimu. Kila mrushaji alikuwa amepanda mara mbili au tatu. Mkulima anayeona mvua ya wiki moja hatangazi mavuno. Anapanda, anapalilia, na anaendelea kuangalia mawingu.

Swali la pili: ni dhidi ya nani?

Golikipa aliyecheza mechi tano bila kufungwa anastahili pongezi, lakini shabiki makini atauliza alikuwa anapigiwa mashuti na nani. Rays walianza na Detroit, wakafuata Washington, Oakland na Boston. Msimu ulipokwisha, zote nne zilikuwa zimepoteza mechi nyingi kuliko zilizoshinda. Oakland ilikuwa na hali mbaya kupita zote: ilipoteza mechi 112.

Kuna jambo la pili. Kati ya mechi hizo 13, Rays walicheza 10 nyumbani. Uwanja wao wakati huo ulikuwa umeezekwa, hivyo baridi ya Aprili inayozisumbua timu za kaskazini haikuwagusa. Walipotoka kwenda Toronto, Aprili 14, walikutana na timu ngumu na wakapoteza kwa mara ya kwanza, 6 kwa 3.

Hatusemi kwamba ushindi ule ulikuwa wa bure. Timu nyingine nazo zilikutana na Oakland, na hazikushinda 11 kwa 0 siku mbili mfululizo. Tunachosema ni kwamba kipimo kilikuwa chepesi, na anayepima lazima alijue hilo.

Swali la tatu: kipi ni chake mwenyewe?

Pointi anazoruhusu mrushaji hazitegemei mkono wake peke yake. Mpira uliopigwa vizuri unaweza kuishia mkononi mwa mlinzi hodari. Mpira uliopigwa vibaya unaweza kudondoka mahali pasipo na mtu. Mwanzoni mwa msimu, bahati ya namna hiyo haijapata muda wa kujisawazisha.

Kwa hiyo wachambuzi makini hutazama mambo ambayo mlinzi hawezi kuyasaidia wala kuyaharibu: ni wapigaji wangapi mrushaji amewakosesha, wangapi amewapa nafasi ya bure kwa kurusha nje ya eneo, na je, kasi yake ni ileile ya mwaka jana? Hapa Springs hakuwa na bahati tu. Katika awamu 16 aliwatoa wapigaji 48, na 24 kati yao, yaani nusu nzima, aliwakosesha mwenyewe. Hesabu ya 0.56 isingedumu kwa vyovyote vile, lakini nyuma yake kulikuwa na mrushaji wa kweli.

Basi mtu angehitimisha kwamba Rays wamepata nguzo ya msimu. Hapo ndipo kiwiko kilipoingia.

Kiwiko hakimo kwenye jedwali

Aprili 13, siku ya ushindi wa 13, Springs alikuwa akirusha dhidi ya Boston, timu yake ya zamani. Katika awamu ya nne alisimama, akaonekana ana maumivu mkononi, akatolewa uwanjani. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko, na msimu wake ukaishia hapo.

Upasuaji huo unaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa Los Angeles Dodgers aliyekuwa wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wake na kuitumia badala ya ile iliyochanika ndani ya kiwiko. Kupona huchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Tommy John mwenyewe alirudi na kushinda mechi 164 zaidi, lakini si wote wanaorudi walivyokuwa.

Springs hakuwa peke yake. Mwezi Mei, Drew Rasmussen, aliyekuwa na wastani mzuri wa 2.62, aliumia mkono na hakurudi msimu ule. Mwezi Agosti ikawa zamu ya McClanahan, aliyekuwa ameshinda mechi 11 na kupoteza 2. Naye akapelekwa kwenye upasuaji wa kiwiko. Kati ya warushaji watano walioanza msimu kwenye zamu, watatu walikuwa wamekwenda.

Si bahati mbaya ya timu moja tu. Desemba 2024 ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji. Ilitaja kasi kubwa, mizunguko mikali ya mpira na tabia ya kurusha kwa nguvu zote kila mara kuwa miongoni mwa sababu zinazoelekea kuchangia. Mpira wa kasi ulikuwa ukienda kwa wastani wa kilomita 147 kwa saa mwaka 2008. Kufikia 2024 ulikaribia 152. Yale yanayomfanya mrushaji ang'are kwenye hesabu za Aprili ndiyo yanayoutesa mkono wake.

Msimu uliishaje?

Rays hawakuanguka. Zach Eflin, waliyemsajili kwa dola milioni 40 kwa miaka mitatu, alibaki na afya na kushinda mechi 16. Timu ilimaliza na ushindi 99 na kupoteza 63, na kwa msimu mzima iliruhusu zaidi kidogo ya pointi 4 kwa mechi. Hiyo ni kazi nzuri, lakini si ile 2.3 ya mwanzo.

Ukiondoa mechi 13 za kwanza, walishinda 86 na kupoteza 63: timu imara, si timu ya maajabu. Baltimore Orioles walishinda 101 na kuchukua uongozi wa kundi. Rays wakaingia mtoano kwa njia ya ziada, na mwanzoni mwa Oktoba Texas Rangers wakawafunga nyumbani kwao 4 kwa 0, kisha 7 kwa 1. Rangers hao ndio waliokuja kuwa mabingwa.

Tuseme pia lililo haki: ushindi wa Aprili unahesabiwa sawa na wa Septemba. Mechi zile 13 ziliwasaidia Rays mpaka mwisho. Kosa halikuwa kuzifurahia, bali kudhani zimeshaeleza msimu mzima. Braves ya 1982 iliishia nusu fainali, na Brewers ya 1987 haikufika hata mtoano. Hakuna hata moja kati ya timu hizo tatu iliyochukua ubingwa.

Kwa nini jambo hili lituhusu?

Besiboli imeshafika kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League nchini Marekani. Mwaka 2022 Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda, wote warushaji. Mtoto anayerusha vizuri kijijini leo ana njia ambayo kaka yake hakuwa nayo, na njia hiyo inapita kwenye kiwiko chake.

Kwa hiyo hesabu ya maana zaidi kwa mwalimu wa michezo si wapigaji wangapi mtoto amewakosesha wiki hii. Ni mara ngapi amerusha leo, na amepumzika siku ngapi. Katika Little League, mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, hata kama timu inashinda na yeye mwenyewe anaomba aendelee.

Springs alirudi uwanjani Julai 2024, miezi 15 baada ya siku ile ya Boston, na mwishoni mwa mwaka huo akahamishiwa Athletics. Wastani wake wa 0.56 bado umeandikwa kwenye vitabu vya msimu wa 2023. Unaposikia safari nyingine, katikati ya Aprili, kwamba kuna mrushaji asiyeguswa, uliza amerusha awamu ngapi, dhidi ya nani, na mkono wake unaendeleaje.