Tupime Kabla ya Kununua

Mtambo wa kuchimbia uliokwisha kutumika ng'ambo ukifika Unguja au Pemba, haukawii kuwasha taa ya hitilafu na injini kupoteza nguvu. Papo hapo husemwa: sensa imekufa! Barabara husubiri, na fedha za umma huagiza kipuri.

Kumbe namba ya hitilafu hutaja tu njia ya umeme yenye kasoro, haimtaji mkosaji. Sensa nyingi za injini hupewa umeme wa volti 5. Moja ikipiga shoti, nyingine zinazotumia waya huo nazo huonekana mbovu. Nasi watu wa pwani twajua namna chumvi ilavyo viungio vya waya.

Kwa hiyo fundi hana budi kuanza na mita: akague kiungio, apime umeme unaoingia na waya wa hasi, ndipo aihukumu sensa. Kadhi hahukumu bila ya ushahidi.

Tunazitaka idara zinazohusika zisiidhinishe ununuzi wa sensa yoyote pasipo vipimo vilivyoandikwa. Mali ya umma ni amana, na amana haitumiwi kwa kubahatisha.