BAISIKELI YA MAPAMBO HATUITAKI



Sisi tunaoandika ni wafanya kazi wa reli, wenyeji wa Korbesa na Merti katika Isiolo. Katika karatasi hii ya Chama tumesoma mengi juu ya mishahara, juu ya nyumba na juu ya zamu za usiku, lakini juu ya baisikeli hatujasoma neno hata moja. Twajua wako watakaocheka. Watasema, je, Chama kimeishiwa na mambo hata kikaanza kuandika habari za baisikeli? Na wacheke kwanza, kisha wasome mpaka mwisho, na aliye na mwenzake asiyejua kusoma amsomee.

Twaanza na habari ya kwetu. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930, na hapo ndipo inapokoma mpaka leo. Njia nyingine mpya, ya kutoka Lamu kuja Isiolo na kuendelea mpaka mipakani, ilitangazwa kwa shangwe mwaka 2012. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021, lakini reli yenyewe bado imo ndani ya makaratasi. Basi sisi ambao kazi yetu ni kukaza bolti na kunyanyua mataruma ili wengine wapite, tukipata likizo twarudi kwetu juu ya lori, na lori likitushusha twaenda kwa miguu. Ukiiacha barabara kuu ya lami, njia ya Merti na Korbesa ni mchanga, vumbi, mawe na miiba ya migunga. Maji yako katika mto wa Ewaso Nyiro au penye kisima cha pampu, na kwa mtu wa boma la nje, duka, zahanati na shule vyote ni mwendo wa jasho. Mahali kama hapo baisikeli si mchezo wa vijana. Ni punda asiyekula majani.

Na tuseme wazi mapema: baisikeli ya milima, ile vijana wanayoiita mauntini, sisi twaipenda. Baisikeli nyeusi ya zamani, Black Mamba, hatuwezi kuitukana. Ndiyo iliyozaa boda boda kule mpakani Busia katika miaka ya 1960, nayo imebeba mahindi, ndizi na hata wagonjwa. Lakini tairi lake ni jembamba, na katika mchanga wa Korbesa lazama kama kisu ndani ya uji. Mwenye kuipanda hushuka akaisukuma, na kusukuma baisikeli yenye mzigo katika jua la saa saba ni taabu kuliko kubeba mzigo kichwani. Tairi pana la inchi mbili, likipunguzwa upepo kidogo, lapita juu ya mchanga ule ule. Kwa hiyo ugomvi wetu si na baisikeli ya milima. Ugomvi wetu ni na ile inayovaa sura yake.

Sikilizeni. Mwenzetu mmoja wa genge la njia alikopa shilingi 15,000 akanunua baisikeli mpya, katika duka ambalo hatulitaji. Ilikuwa na springi mbele, na springi nyingine kubwa katikati, gia 21, breki za diski magurudumu yote mawili, na rangi tatu. Ilipofika Korbesa juu ya lori watoto walikuja kuitazama kama watu waendao arusini. Siku ya nne rimu ya nyuma ikapinda. Kabla mwezi haujaisha, kile chombo cha kuhamisha mnyororo kwenye gia za nyuma, ambacho kumbe kilikuwa bati laini, kikajikunja, kikaingia katika spoku na kuzikata. Springi ya katikati nayo ilikuwa yanesa kila alipokanyaga pedali, hata nusu ya nguvu za mguu ziliishia katika kucheza juu na chini. Na jambo lililomwudhi mama yake kuliko yote ni kwamba hapakuwa na mahali pa kufunga keria. Springi ile imekaa pale pale panapotakiwa kukaa mtungi wa maji! Baisikeli ya kwenda nyikani, isiyoweza kubeba lita 20 za maji.

Aliporudi kwa mwenye duka aliambiwa kwamba ameiharibu mwenyewe kwa kuipitisha njia mbaya. Ndugu, njia nzuri kwetu iko wapi? Na kama ni ya lami tu, kwa nini ikapewa jina la mlima? Huko Ulaya na Marekani baisikeli nyingi za bei ya chini zenye sura hii hubandikwa kikaratasi kinachoonya kwamba zisitolewe nje ya barabara. Huko mnunuzi huonywa, ijapokuwa kwa herufi za kusomwa kwa miwani. Kwenye hii ya mwenzetu hatukukiona kikaratasi hicho. Labda kilibanduka baharini.

Fedha zilikuwa za mkopo. Baisikeli ilipokufa deni lilikuwa bado hai, na liliendelea kula mshahara kila mwisho wa mwezi kana kwamba baisikeli bado yaenda. Mshahara wenyewe mwaujua. Tangu mwaka 2023 hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba, na tangu mwaka 2024 asilimia 2.75 ya bima ya afya, mbali na akiba ya uzeeni na kodi ya mapato. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi mbili, ndugu! Yaani sheria yatuhakikishia theluthi moja ya kuleta nyumbani, na hiyo ndiyo mwenye duka anayoinyemelea kwa rangi tatu.

Watatuambia kwamba springi na gia nyingi ni maendeleo, na kwamba sisi tuliosoma darasa chache kwa mapadre hatuwezi kufahamu. Twawajibu kwa historia ya baisikeli yenyewe. Mauntini haikuzaliwa katika duka la mapambo. Katika miaka ya 1970, huko Marin katika jimbo la California, vijana walichukua baisikeli kuukuu za Schwinn, za chuma kizito na tairi nene, nyingi zikiwa na gia moja na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, wakateremka nazo milimani. Njia moja waliyoshindania mbio tangu mwaka 1976 waliiita Repack, maana breki ilichemka katika kuteremka hata grisi ikaungua, na kila mara ilibidi kuifungua na kuijaza grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kutengeneza fremu zake mwenyewe kwa kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza baisikeli za namna hiyo kwa wingi. Springi za mbele zilikuja kuenea baada ya hapo, karibu na mwaka 1990. Fanyeni hesabu. Zaidi ya miaka kumi watu walipanda na kuteremka milima bila springi hata moja, na mama wa mauntini alikuwa wa ukoo mmoja na Black Mamba. La maana lilikuwa fremu ngumu, tairi pana, gurudumu lililofungwa sawa na breki inayoshika. Yaliyobaki ni shanga.

Sasa, mwenye fedha kidogo afanye nini? Twasema kama watu wa vyuma, maana vyuma ndiyo kazi yetu. Springi ya katikati aikatae, hata akiongezewa kengele bure. Springi ya mbele ya bei rahisi ni uzito tu. Baada ya muda huganda kwa kutu, na hapo una uma wa kawaida ulioulipia mara mbili. Atafute fremu ya chuma, si kwa kuwa ni nyepesi, maana si nyepesi, ila kwa sababu ikivunjika fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea ataiunga, na alumini si kila fundi aiwezaye. Gia sita au saba za nyuma zatosha, na katika tambarare ya kwetu hata moja yatosha. Ainue gurudumu, alizungushe, atazame kama layumba baina ya vipande vya breki. Likiyumba dukani, njiani litacheza ngoma. Mipira ya ndani iwe na valvu kama ya gari, apate kujaza upepo kwenye pampu yoyote ya gereji. Na kabla ya kuipanda hata mara moja, afungue ekseli zote mbili atie grisi, kwa sababu nyingi ya baisikeli hizi hufungwa zikiwa na grisi kidogo mno, na gololi kavu zikiingia vumbi la Korbesa hujisaga zenyewe zikawa unga. Hayo twayafahamu sisi kuliko mtu yeyote, maana tumeona fani ya behewa iliyokosa mafuta inavyowaka moto.

Juu ya miiba hapana dawa kamili. Lakini tairi kuukuu lililokatwa kingo, likatandikwa ndani ya tairi jipya juu ya mpira wa ndani, hupunguza viraka sana. Baisikeli huwa nzito kidogo. Bora uzito kuliko kukaa chini ya mgunga na solushani iliyokauka.

Ziko pia za mitumba, zinazotoka Ulaya kupitia Mombasa. Nyingine ni za miaka ya 1990, za chuma, hazina springi, zimechubuka rangi, na mtu huzipita dukani bila kuzitazama. Hizo hizo ndizo sisi twazisifu, mradi fremu ikaguliwe vizuri penye maungio isiwe na ufa. Na kama mtu ataka kuona baisikeli iliyotengenezwa kwa akili, na aitazame ile Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, nayo huuzwa Kenya pia. Ni nzito, ni nyeusi, haina pambo, na keria yake imefanywa kubeba kilo 100. Walioibuni waliuliza kwanza mpandaji atabeba nini.

Wako wenzetu wanaosema, acheni mambo ya kukanyaga, chukueni pikipiki kwa mkopo. Pikipiki hatuichukii. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, nchi ikajaa pikipiki, na vijana wengi wamepata chakula. Lakini pikipiki mpya ni ghali, na petroli ya Merti imelipiwa nauli ya lori kabla haijaingia katika tangi. Na ya mkopo si yako. Wewe huipanda, mwenye mkopo ndiye aliyeimiliki, na siku ukichelewa kulipa utaona ni nani mwenye funguo. Baisikeli iliyolipiwa mkononi hailali ikidaiwa.

Tena kuna aibu, ambayo ni adui mkubwa kuliko bei. Mtu wa mshahara huona haya kuonekana juu ya baisikeli, kwa sababu watu watasema hana kitu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa kijana alijifunza kwa David Kinjah kule Kikuyu, wakipanda mauntini katika njia za udongo. Baadaye alishinda mbio za Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Basi mwenye kucheka na ampelekee Froome kicheko chake. Sisi twataka kufika kazini tu.

Na hapa ndipo Chama kinapohusika. Mtu mmoja akienda dukani peke yake na fedha zake huuziwa mapambo. Watu 50 wakienda pamoja kwa jina la ushirika wao wa akiba na mikopo, wao ndio wanaosema wataka nini: fremu ya chuma, bila springi, na keria. Wapate bei ya jumla, na pamoja nayo sanduku la vipuri likae Isiolo, lenye mipira ya ndani, spoku, minyororo na nyaya za breki, maana baisikeli isiyo na vipuri ni sanamu. Mkopo uwe wa ushirika wetu wenyewe, wenye riba tunayoijua na mwisho tunaoujua.

Kwa wakubwa wa kazi twataka mambo mawili. Kwanza kibanda chenye paa na kufuli katika kila stesheni na kila kambi ya genge, ili mtu asiwe na wasiwasi juu ya baisikeli yake akiwa njiani na nyundo mkononi. La pili ni kubwa zaidi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akichukuliwa bure kwenda au kutoka kazini katika gari lililowekwa na mwajiri kwa shughuli hiyo, huhesabiwa kuwa yumo kazini. Vyema. Lakini zamu ikianza saa kumi ya alfajiri, na gari hakuna, na matatu bado zimelala, mtu huja na baisikeli yake gizani. Lori likimgonga, hapo yaanza mabishano kama alikuwa kazini au hakuwa, na mabishano hayamlishi mjane. Kwa hiyo twataka liandikwe katika mapatano ya kazi, kwa maneno mafupi yasiyohitaji wakili: aliyeitwa zamu ya usiku, akaja kwa baisikeli yake mwenyewe, yumo kazini tangu mlangoni kwake.

Twamwomba Katibu atujibu kabla ya mkutano wa tawi. Wenzetu wa likizo wataondoka hivi karibuni na fedha zao mfukoni, na maduka yako wazi.

Ni sisi, wafanya kazi wa reli, wenyeji wa Korbesa.