UCHAMBUZI: Mvulana mweusi Marekani ataokolewa katika darasa la kawaida

MVUTANO uliozuka mwaka 2025 kati ya serikali ya Rais Donald Trump na wasimamizi wa shule za umma jijini Chicago ulifufua swali ambalo Marekani imeshindwa kulijibu kwa zaidi ya nusu karne: Mvulana mweusi asaidiwe vipi ili afaulu shuleni?

Mnamo Februari mwaka huo, Chicago ilizindua mpango wa kuinua masomo ya wanafunzi weusi. Miongoni mwa malengo yake ni kuongeza walimu weusi wa kiume na kupunguza visa vya watoto kusimamishwa masomo. Mwezi Aprili, Wizara ya Elimu ya Marekani ilianzisha uchunguzi kufuatia malalamishi kwamba mpango huo unabagua kwa misingi ya rangi. Mwezi uo huo Trump alitia saini amri ya kupinga sera za watangulizi wake, zilizozitaka shule zichunguze iwapo adhabu zao zinaiangukia jamii moja kupita nyingine.

Hoja ya wakosoaji haifai kupuuzwa. Wanauliza ni kwa nini mtoto mzungu maskini asipate msaada anaopewa jirani yake mweusi. Hata hivyo, takwimu za wizara iyo hiyo zaonyesha kwamba rangi ilikuwa imekwisha kuingia darasani kabla ya mpango wowote kuandikwa. Katika mwaka wa masomo wa 2020-21, wavulana weusi walikuwa asilimia 8 ya wanafunzi wote wa shule za umma, ilhali walikuwa asilimia 18 ya waliosimamishwa na kurudishwa nyumbani. Mtoto aliyefungiwa nje ya lango hawezi kujifunza, hata akiwa na akili za kupigiwa mfano.

Kenya nayo ina sehemu yake katika kadhia hii. Mnamo 1996, wakfu mmoja wa jiji la Baltimore, Abell Foundation, ulifadhili shule ya bweni kwa jina Baraka katika eneo la Laikipia. Kila mwaka, wavulana wapatao 20 wa umri wa miaka 12 hivi, wengi wao wakiwa weusi kutoka mitaa iliyosakamwa na dawa za kulevya, walisafirishwa hadi huko kusoma kwa miaka miwili. Walimu walikuwa karibu, madarasa yalikuwa madogo, na hapakuwa na televisheni wala magenge ya mtaani. Filamu ya 2005, The Boys of Baraka, ilionyesha jinsi baadhi ya watoto waliodhaniwa hawafundishiki walivyobadilika.

Lakini shule hiyo ilifungwa mwaka 2003 kwa hofu ya usalama. Wavulana waliokuwa wakitarajia mwaka wa pili walijikuta wamerejea katika mitaa ile ile na shule zile zile walizozikimbia. Baraka ilithibitisha kwamba kasoro haikuwa kwa mtoto, bali katika mazingira aliyosomea. Ilithibitisha pia kwamba wokovu unaotegemea hisani na safari ya ndege hauwezi kuwafikia maelfu wanaobaki nyuma.

Kinachoweza kuwafikia si siri. Watafiti waliofuatilia takriban wanafunzi weusi 100,000 katika jimbo la North Carolina walibaini kwamba mvulana mweusi kutoka familia maskini mno, akifundishwa na angalau mwalimu mmoja mweusi kati ya darasa la tatu na la tano, uwezekano wake wa kuacha shule hupungua kwa asilimia 39. Mwalimu mmoja tu! Maelezo yao ni kwamba mwalimu huyo humtarajia mtoto afaulu, naye mtoto humwona mbele yake mtu anayefanana naye aliyefika mbali. Naam, udongo uwahi uli maji.

Jijini Oakland, California, wasimamizi wa shule za umma walianzisha idara maalumu ya wavulana weusi mnamo 2010. Walimu weusi wa kiume waliwafundisha historia na maadili ndani ya ratiba ya kawaida, katika shule zao wenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba idadi ya wavulana weusi walioacha shule ilipungua kwa asilimia 43. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba wasichana weusi nao walinufaika, ingawa kwa kiasi kidogo.

Kikwazo ni kwamba walimu wa aina hiyo ni adimu. Wanaume weusi hawafiki hata asilimia 3 ya walimu wa shule za umma nchini humo. Uhaba huu una chanzo. Mahakama ya Juu ilipoharamisha utengano wa rangi shuleni mnamo 1954, wilaya nyingi za Kusini zilizifunga shule za watu weusi na kuwaachisha kazi walimu wao. Inakadiriwa kuwa zaidi ya 38,000 walipoteza ajira katika majimbo 17 kufikia 1965. Mtoto mweusi alifunguliwa mlango wa shule mpya, lakini mwalimu wake hakuruhusiwa kuingia naye.

Kuziba pengo hilo kunahitaji subira. Mpango wa Call Me MISTER, ulioanzishwa mwaka 2000 katika jimbo la South Carolina, huwasomesha vijana wa kiume wawe walimu wa shule za msingi. Matunda ya kazi kama hiyo huonekana baada ya miaka mingi, wala hayaendi sambamba na kalenda ya uchaguzi.

Hapo ndipo penye hatari ya mvutano wa Chicago. Wanasiasa wanaweza kubishana kuhusu jina la mpango, na mahakama zinaweza kuamua ni maneno gani yafutwe. Lakini mvulana wa darasa la tatu hasubiri uamuzi. Akikosa kusoma vyema mwaka huu, na akifukuzwa mwaka ujao, hakuna hukumu itakayomrudishia miaka hiyo. Wanaoupinga mpango huo wana wajibu wa kusema ni nani atakayesimama mbele ya darasa lake kesho asubuhi, akiamini kwamba anaweza.