Picha Haitoshi

Hoja iliyochapishwa kwamba vyuo vikuu viuze mikusanyo isiyooneshwa na kubaki na picha zake inayachukulia makumbusho ya vyuo kama maghala. Chuo Kikuu cha Oxford kinahifadhi kichwa cha dodo, ndege wa Morisi aliyetoweka karne ya 17. Mwaka 2002 vinasaba vyake vilionyesha kuwa jamaa yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa Nicobar. Mwaka 2018 eksirei zikafichua marisau kichwani: kumbe alipigwa bunduki. Picha gani ingetoa habari hizo? Gharama za utunzaji ni kubwa, hilo kweli. Lakini dawa yake ni bajeti ya kudumu na daftari kamili la mali, si mnada. Kilichouzwa kwa mtu binafsi hakichunguzwi tena bila ridhaa yake.