Siku Moja Katika Majumba ya Wafalme wa Ureno

Si ajabu siku hizi askari au polisi wa nchi zetu kupelekwa ng'ambo kwa masomo, kwa mkutano au kwa michezo ya majeshi. Aghalabu ratiba humwachia siku moja ya mapumziko, nayo siku hiyo huishia madukani. Arudipo nyumbani huleta viatu na picha, lakini akiulizwa nchi ile ilipataje nguvu zake na ilizipotezaje, hana la kujibu. Leo twatoa maoni yetu kwa yule ambaye kazi itamfikisha Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Siku hiyo moja aitumie kuzuru majumba ya kale ya wafalme, tena aipange kama apangavyo doria.

Wapo watakaouliza: je, Mwafrika atoe posho yake kwenda kustaajabia kuta za watu waliopora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505? Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni kwamba hatuendi kustaajabia, twaenda kukagua. Katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon kimo chombo cha ibada cha dhahabu kilichokamilishwa mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Maandishi yaliyochorwa juu yake yanataja wazi kwamba dhahabu hiyo ilitoka katika kodi ya Kilwa, kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa mji huo kuitoa mwaka 1502. Basi sehemu ya fahari ile inatuhusu. Mwenye mali hakatazwi kwenda kuona ilikofikia.

Sasa tuingie katika mipango. Treni huondoka stesheni ya Rossio, katikati ya Lisbon, na kwa muda wa dakika 40 hivi hufika Sintra, mji mdogo chini ya milima yenye misitu na ukungu. Mwaka 1995 Sintra iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo pana jumba la kale lililo mjini, jumba la Pena juu ya kilele, ngome ya Waislamu waliotawala nchi ile zamani, na mengine kadha. Njiani lipo pia jumba la Queluz. Wageni wengi hutaka kuyamaliza yote kabla ya jua kutua, nao hurudi wamechoka, wameona milango na foleni tu. Mshika mawili moja humponyoka. Mshika sita atabaki na nini?

Ushauri wetu ni majumba mawili: la mjini Sintra asubuhi, na la Mafra alasiri. Atakaye Pena hatumkatazi, maana ni zuri kwa rangi zake na kwa mandhari, lakini akate tikiti mapema, kwani watu huingizwa kwa saa maalumu na njia ya kupanda ni ndefu. Kwa lolote atakalochagua, aulize kwanza siku za kufungwa na saa ya basi la mwisho. Aondoke mapema, avae viatu vya kutembelea, na aweke saa moja ya akiba. Haya askari huyajua kazini. Kwa nini ayasahau siku ya mapumziko?

Jumba la mjini Sintra hutambulika kwa mbali kwa dohani zake mbili za jikoni zenye umbo la pia, urefu wake mita 33. Ndani yake, katika chumba kikubwa alichokijenga Manuel wa Kwanza, dari imepambwa kwa nembo za koo 72 za makabaila waliokuwa nguzo za enzi yake. Lakini asiondoke mgeni kabla ya kuona chumba alimofungwa Mfalme Afonso wa Sita, aliyenyang'anywa madaraka na ndugu yake mwenyewe, akafa humo mwaka 1683. Mfalme huyo alilindwa, si ili adui asiingie, bali ili yeye asitoke. Hapo mlinzi yeyote ana la kutafakari.

Mafra ni somo kubwa zaidi. Mfalme João wa Tano alianza kulijenga mwaka 1717. Ni jumba, kanisa na makao ya watawa kwa pamoja, lenye vyumba vipatavyo 1,200. Gharama zililipwa kwa dhahabu ya Brazil, iliyochimbwa kwa jasho la watumwa, wengi wao Waafrika. Kazi ilipopamba moto, wajenzi walizidi 40,000, na askari wapatao 7,000 waliwekwa kulinda utulivu kati yao. Pahali panapohitaji askari wengi hivyo kuwasimamia wajenzi, fahari yake haikutoka katika hiari ya watu.

Katika jumba hilohilo, usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 1910, alilala Manuel wa Pili, mfalme wa mwisho wa Ureno. Asubuhi jamhuri ilitangazwa mjini Lisbon, naye akashuka pwani ya Ericeira kupanda meli na hakutawala tena. Vyumba 1,200 havikumfaa kitu.

Sehemu ya majengo ya Mafra imekuwa chuo cha jeshi tangu karne ya 19, na hadi leo wamo wanajeshi. Mgeni ajihadhari kupiga picha upande huo. Hapo ndipo vijana wengi wa Kireno walipofunzwa uofisa kabla ya kupelekwa kupigana na wapigania uhuru wa Angola, Guinea na Msumbiji. Tena ni kutoka hapohapo kilipotoka kikosi kilichoukamata uwanja wa ndege wa Lisbon alfajiri ya tarehe 25 Aprili 1974, siku ulipoangushwa utawala uliong'ang'ania vita hivyo. Mwaka uliofuata Msumbiji ilipata uhuru. Hatusemi haya kuwasifu askari wanaoingilia serikali. Kazi ya askari ni kutii sheria na kulinda raia. Twasema kwamba serikali iliyokataa kuzungumza, ikataka bunduki imalize jambo la siasa, iliwachosha hata wana wake iliowafunza ndani ya jumba la wafalme.

Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, nendeni na daftari dogo. Mbele ya kila jumba jiulizeni mambo matatu: nani alilipa, nani alijenga, na nani alilinda. Majibu yaandikeni, na mrudipo kikosini wasomeeni wenzenu ambao hawakupata nafasi. Posho ya siku ile itakuwa imefanya kazi ya darasa zima.